Kabla ya Kununua Diski: Breki za Magari Makuukuu Banissa

Katika miji ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya wapo watu wanaolipenda gari la zamani kwa ajili yake lenyewe. Atakuwa mwalimu aliyeachiwa Land Rover na baba yake, au mfanyabiashara wa mifugo aliyenunua Land Cruiser kwenye mnada wa magari ya serikali, au kijana aliyepakia bodi la FJ40 juu ya lori kutoka Nairobi. Gari hilo halitafuti nauli. Hufunguliwa jioni baada ya kazi, hupakwa rangi upya, huendeshwa siku za mapumziko. Injini ikishanguruma vizuri mwenyewe hugeukia breki, na swali analomuuliza fundi ni moja: nitapata wapi diski za mbele nizitupe hizi dramu?

Swali hilo ni halali, ila limewahi mno. Gari kuukuu linalosemwa halina breki mara nyingi lina breki za kutosha zilizochoka, zilizofungwa vibaya au zilizojazwa mafuta machafu. Nalo gari lililowekewa diski bila uchunguzi linaweza kutoka gereji likiwa hatari kuliko lilivyoingia. Hoja yangu ni kwamba mahali kama Banissa kazi kubwa ya breki ni kutafuta kasoro, kurudisha mfumo katika hali aliyoikusudia mtengenezaji, na kuusawazisha na matairi, springi na mzigo wa gari lilivyo leo. Diski zina nafasi yake, na nitaieleza, lakini si nafasi ya kwanza.

Banissa iko magharibi mwa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, na wadi yake ya Malkamari inapakana na Mto Daua, mahali ilipo Hifadhi ya Taifa ya Malka Mari iliyotangazwa mwaka 1989. Ardhi ya kaunti hii hupanda kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari upande wa mashariki hadi karibu mita 970 kwenye vilima. Ni nchi ya miinuko mifupi, mawe, vumbi jembamba na laga zinazokauka miezi mingi kisha kufurika kwa saa chache. Hakuna mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu. Kwa hiyo breki za hapa haziharibiki hasa kwa joto la mteremko. Huharibiwa na vumbi linaloingia ndani ya dramu, maji ya laga, mtikisiko unaochosha paipu, mzigo kupita kiasi, na umbali kutoka duka la spea. Mtu wa Nairobi akihitaji raba za silinda ya gurudumu huenda Kirinyaga Road na kurudi kabla ya adhuhuri. Wa Banissa huagiza, husubiri, na wakati mwingine hupokea saizi isiyo yake.

Tuanze na magari yenyewe, kwa sababu fundi asiyejua gari lilitoka kiwandani na breki gani hawezi kujua limepotea wapi. Land Rover za Series, kuanzia ile ya kwanza ya mwaka 1948 hadi Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zina dramu kwenye magurudumu yote manne: kwa kawaida za inchi 10 kwenye gari fupi la 88 na inchi 11 kwenye refu la 109. Nyingi zilitoka na masta silinda ya mkondo mmoja, yaani paipu moja ikipasuka pedali huzama na gurudumu lolote halishiki. Breki ya mkono ya magari hayo haiko kwenye magurudumu kabisa. Iko kwenye dramu moja nyuma ya gia boksi ndogo na hushika shafti, ndiyo maana kuivuta gari likiwa mwendoni kunaweza kuvunja vitu vya bei kubwa. Land Rover 110 ilipotoka mwaka 1983 ilikuja na diski mbele.

Toyota Land Cruiser ya familia ya 40, ambamo FJ40 imo, iliyoanza mwaka 1960 na kukoma 1984, nayo ilianza na dramu kote, na kila gurudumu lilikuwa na silinda mbili. Hizo ni silinda 8 zinazoweza kuvuja, na kila shu ina mahali pake pa kurekebishia kwa mkono. Diski za mbele zilianza kutokea kwenye gari hilo katikati ya miaka ya 1970, kutegemea soko. Familia ya 70, iliyozinduliwa mwaka 1984 na ambayo kaskazini hii inajulikana kwa pikapu za polisi, za mashirika na za wafanyabiashara, imekuja kwetu mara nyingi ikiwa na diski mbele na dramu nyuma. Pikapu hizo huunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na hesabu yake ndiyo inayoamua mengi. Gari la tani 3 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati mara 4 ya ile lililonayo likienda 40, kwa sababu nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza uzito wote wa gari nusu tena, nishati hupanda nusu tena. Dereva anayesema gari lake lilikuwa na breki nzuri siku zote mpaka alipoanza kupita barabara ya lami hasemi uongo. Breki zimebaki zilezile, ila zimepewa kazi nyingine.

Jambo hili litazidi kuonekana. Barabara ya Isiolo hadi Moyale imewekwa lami tangu katikati ya miaka ya 2010. Ile ya Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, yenye zaidi ya kilomita 700, imo katika mradi ambao Benki ya Dunia iliukubalia fedha mwaka 2020. Mwenye gari kuukuu Banissa bado ataondoka kwa murramu kuelekea Rhamu au Takaba, lakini akienda Nairobi sehemu inayokua ya safari itakuwa ya lami, na mwendo utapanda wenyewe. Dramu zilizotosha kwa kilomita 40 kwa saa zitaombwa kazi mara 4.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Gari husimamishwa na mshiko wa tairi juu ya ardhi. Kwenye murramu yenye changarawe, tukichukua mshiko wa 0.5, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa huhitaji kama mita 50 kusimama tangu breki ziliposhika. Kwenye lami kavu yenye mshiko wa 0.75 huhitaji kama mita 34. Ongeza sekunde moja na nusu ya dereva kuona na kukanyaga, ambayo peke yake hula mita 33. Ngamia akiingia barabarani jioni mita 60 mbele yako, ukiwa kwenye murramu kwa mwendo huo, hakuna diski duniani itakayokuokoa. Dramu nzuri zinaweza kufunga magurudumu kwenye changarawe bila shida, na gurudumu likishafunga, diski haina cha kuongeza. Kwa hiyo anayenunua diski akitarajia kusimama karibu zaidi kwenye barabara za Banissa, katika kituo kimoja cha ghafla, ananunua kitu asichokihitaji. Akipunguza mwendo hadi 60, zile mita 50 hushuka hadi kama 28, bila kununua spea yoyote.

Diski huleta faida nyingine. Hutupa maji haraka zikitoka kwenye laga, wakati dramu hubaki na maji na matope ndani na huhitaji kukaushwa kwa kukanyaga kidogokidogo gari likitembea. Hushika sawasawa kulia na kushoto, kwa hiyo gari halivuti upande. Huvumilia joto la kukanyagwa mara kwa mara, kwa sababu diski ikipata joto hunenepa kuelekea kwenye pedi, ilhali dramu ikipata joto hutanuka na kuikimbia shu. Wala hazihitaji kurekebishwa kwa mkono. Faida hizi ni za kweli. Ila zote zinadai kwamba kilichobaki cha mfumo kiwe kizima.

Kutafuta kasoro huanzia mguuni. Pedali inayokwenda chini sana kisha ikainuka ukiipampu mara mbili tatu inasema mojawapo ya mambo mawili: shu zimekaa mbali na dramu, au kuna hewa kwenye paipu. Hewa hujitambulisha kwa ulaini, unahisi kama unakanyaga mto. Shu zilizolegea huacha pedali ngumu ila ya chini. Mafundi wengi hukimbilia kutoa hewa katika hali zote mbili, humaliza chupa ya mafuta, na tatizo hubaki. Kwenye FJ40 yenye silinda 8, siku moja ya kurekebisha kila shu mpaka iguse dramu kisha kuirudisha kidogo ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote, na haigharimu spea hata moja. Kwenye Land Rover 109, ambayo ina sifa ya kukataa kuachia hewa, kaza virekebishaji vyote mpaka shu zibane dramu, toa hewa zikiwa hivyo, kisha uvilegeze. Silinda zikiwa zimerudi ndani, nafasi ya hewa kujificha hupungua.

Pedali inayozama polepole ukiikanyaga na kuishikilia, huku hakuna tone linaloonekana nje, inashtaki masta silinda: raba zake za ndani zinapitisha mafuta. Ikiwa kuna uvujaji, chungulia nyuma ya kila dramu na kando ya kila tairi kwa ndani. Usisahau upande wa kibini, kwa sababu masta silinda nyingi huvujia huko na kulowesha zulia miezi mingi kabla mtu hajajua. Kama ina busta, huenda inavujia ndani yake na isionekane kabisa.

Pedali ngumu inayohitaji nguvu za miguu miwili ni habari ya busta. Kipimo chake ni rahisi: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usiilaumu busta kabla ya kutafuta mvuto wa hewa unaoiendesha. Hapa ndipo magari mengi yaliyobadilishwa injini huanguka. Injini ya petroli hutoa mvuto huo kwenye njia yake ya kuingizia hewa. Injini ya dizeli haitoi, kwa hiyo hupewa pampu, na kwenye injini za Toyota kama 3B na 2H pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternata. FJ40 iliyotolewa injini ya petroli ikawekewa dizeli bila pampu imepoteza busta yake siku hiyohiyo. Vivyo hivyo 3B iliyokufa alternata ikawekewa ya gari lingine isiyo na pampu: taa zinawaka, betri inachaji, fundi amelipwa, na breki zimepoteza msaidizi wake. Mwenye gari atakuja kusema dramu ni dhaifu.

Gari likivuta upande, wengi huambiwa waangalie upande linakovuta. Mara nyingi mgonjwa ni upande wa pili, ule usioshika. Silinda imekwama kwa kutu, au shu imelowa. Kulowa ni ugonjwa mkuu wa magari haya: sili ya ekseli ya nyuma ikichoka, mafuta ya difu huteleza hadi ndani ya dramu, na kwenye ekseli ya mbele ya Land Cruiser grisi iliyoyeyuka hupita sili na kufika palepale. Laini za shu zilizolowa mafuta hazioshwi kwa petroli zikapona, wala hazichomwi kwa moto. Hubadilishwa, na sili hubadilishwa kwanza. Na kwa kuwa laini za miaka ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, usipulize vumbi la dramu kwa kompresa. Lilowanishe, ulipanguse, ukalizike. Mapafu ya fundi na ya kijana anayemshikia tochi hayana spea.

Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine baada ya safari, na silinda yake ni nzima, shuku hosi ya raba. Hosi ya miaka 20 huweza kuvimba ndani na kuwa mlango wa kupita upande mmoja: mafuta huingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Kwa nje inang'aa. Legeza kwanza paipu kabla ya hosi. Ukikuta hakuna msukumo na gurudumu bado limeshika, kisha ukalegeza nati yake ya kutolea hewa, mafuta yakaruka na gurudumu likaachia, umempata mhalifu. Hosi ni za bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine nilichokitaja, na mwenye gari lenye hosi asizojua umri wake azibadilishe zote bila kungoja ushahidi.

Mafuta ya breki yanastahili maneno makali zaidi. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi, DOT 4 kwenye 230. Lakini hunywa unyevu wa hewa, na yakifikisha maji asilimia 3.7, kiwango cha kupimia, DOT 3 huruhusiwa kuchemka kwenye 140 tu, na DOT 4 kwenye 155. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, mvuke hubanwa, na pedali huenda mpaka chini bila kitu kuvuja. Gari likipoa breki hurudi, na kila mtu hubaki akishangaa. Chupa iliyofunguliwa na kurudishwa kwenye rafu ya duka, kizibo chake kikiwa kimelegea, tayari imeanza safari hiyo. Nunua chupa ndogo zenye muhuri, fungua moja kwa kazi moja, na ubadilishe mafuta yote kila baada ya miaka miwili. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni kwa kudhani namba kubwa ni bora zaidi: ni jamii nyingine kabisa.

Halafu kuna dhambi ya njiani. Mafuta yameisha, kijiji kiko mbali, na turnboi anajaza mafuta ya injini au ya gia kwenye kopo la breki. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba za breki zote, kuanzia masta silinda hadi silinda ya mwisho nyuma. Gari litafika. Wiki inayofuata breki zitakwama zikiwa zimeshika au zitapitisha mafuta kila mahali, na tiba yake ni kufungua mfumo mzima, kuuosha kwa spiriti ya breki, na kubadilisha kila raba na kila hosi. Ni afadhali kutambaa kwa gia ya kwanza hadi mjini, ukitumia gia ndogo kama mpo mlimani, kuliko kuokoa nusu siku kwa bei hiyo.

Kufunga gurudumu, yaani kukunja na kuziba paipu iliyopasuka ili magurudumu matatu yaendelee kufanya kazi, ni ufundi ambao umefikisha wengi nyumbani. Siulaumu. Lakini gari lililofungwa gurudumu la mbele litavuta upande ukikanyaga kwa nguvu, na kwenye changarawe kuvuta huko ni kupinduka. Nimeona magari yaliyozoea hali hiyo hata dereva akasahau. Na paipu mpya isiwe ya shaba ya friji, kwa sababu shaba tupu huchoka na kupasuka kwa mtikisiko. Paipu za chuma au za mchanganyiko wa shaba na nikeli ndizo za kazi hii.

Nikifika kwenye springi nafika mahali ambapo nadhani Kaskazini Mashariki ina tatizo lake yenyewe, na ambapo sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Pikapu nyingi za Toyota zina vali nyuma inayounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likiwa tupu, bodi liko juu mbali na ekseli, na vali hupunguza msukumo wa breki za nyuma ili magurudumu mepesi ya nyuma yasifunge. Likipakiwa, bodi hushuka, fimbo huinuka, na breki za nyuma huruhusiwa kufanya kazi kamili. Ni kifaa cha akili sana. Sasa huku kwetu kazi ya kwanza inayofanyiwa Land Cruiser ni kuongezwa majani ya springi, au kuinuliwa ili ipite kwenye mawe. Bodi linabaki juu hata likiwa na mzigo wa tani. Vali inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma hulala, za mbele hufanya kazi zote, pedi za mbele huisha upesi, na dereva analalamika kwamba gari likipakiwa halisimami. Analalamika kwa haki, na hakuna diski ya mbele itakayomsaidia.

Fundi mwingine, akijua kwamba vali ndiyo inayozuia, huiondoa na kuunganisha paipu moja kwa moja. Sasa gari lililopakiwa linasimama vizuri. Lakini siku likirudi tupu kutoka Mandera, dereva akikanyaga ghafla kwenye kona ya changarawe, magurudumu ya nyuma hufunga kabla ya ya mbele na mkia wa gari hutangulia. Dawa sahihi ni ya spana mbili na kipande cha chuma: kupandisha mshikio wa fimbo kwa kiasi kilekile bodi lilichoinuliwa, kisha kujaribu mahali pa wazi, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, mpaka magurudumu ya mbele yawe ndiyo yanayofunga kwanza. Wakati wa kutoa hewa, vali hiyo nayo huwa na nati yake kwenye magari mengi, na ikisahaulika hewa hubaki humo.

Tairi kubwa nazo hula breki kimya kimya. Ukitoka tairi ya kimo cha inchi 29 hadi 33, nguvu ya breki inayofika ardhini hupungua kwa kama asilimia 12, kwa sababu breki ileile sasa inapigana na mkono mrefu zaidi. Ongeza bampa ya chuma, tangi la pili la dizeli, kiunzi cha kubebea mizigo juu ya paa, na una gari zito lenye breki dhaifu ambalo mtengenezaji hakulipima kamwe.

Basi ni lini diski? Kwa maoni yangu, Land Rover ya Series yenye mkondo mmoja ianze na kitu kilicho muhimu kuliko diski: masta silinda ya mikondo miwili pamoja na busta yake, kama zilivyokuja kwenye Series III za baadaye. Hapo paipu moja ikipasuka, nusu ya breki hubaki. Huo ndio uboreshaji unaookoa roho. FJ40 yenye dramu nzima ambayo sasa inasafiri mara kwa mara kwenye lami, au inayovuka laga kila wiki, inastahili diski za mbele, na njia iliyozoeleka ni kutumia vipuri vya ekseli ya Land Cruiser 60, habu, diski na kalipa zenye pistoni 4. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba ni Toyota juu ya Toyota, na pedi zake zinaweza kuagizwa. Kalipa nzuri kutoka gari la michezo la Ulaya, ambayo pedi zake hazipatikani Garissa wala Nairobi, itakugeuka siku ya kwanza pedi zitakapoisha.

Kazi hiyo ina mitego. Diski huhitaji msukumo mkubwa kuliko dramu, kwa hiyo bila busta pedali itakuwa ngumu. Masta silinda ya dramu huwa na vali ndogo inayobakisha msukumo kidogo kwenye paipu, nayo isipotolewa upande wa diski, pedi zitabaki zimeshika na diski zitawaka. Mizani ya mbele na nyuma hubadilika na lazima ipimwe upya. Na ondoa imani kwamba masta silinda kubwa ndiyo yenye nguvu: ya inchi 1 ina eneo kubwa kuliko ya inchi 7/8 kwa asilimia 31, na kwa mguu uleule hutoa msukumo mdogo kwa kama asilimia 23. Inachotoa kwa wingi ni mafuta, ndiyo maana pedali huwa fupi na ngumu. Kinachotakiwa ni kipenyo kinacholingana na kalipa ulizofunga.

Wapo wanaochukua mfano wao kutoka Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uhifadhi. Mengi ya magari yale yana diski kote na breki za kila namna. Hupanda majabali kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hayo si maisha ya gari la Banissa.

Limebaki suala la gia, kwa anayesafiri nje ya Banissa. Mteremko wa mita 300 kwa gari la tani 3 hubeba nishati sawa na kulisimamisha mara 12 mfululizo kutoka kilomita 80 kwa saa, na kushuka Mlima Marsabit kuelekea Isiolo kunazidi hapo. Injini ndiyo ya kubeba kazi hiyo. Kuteremka ukiwa umetoa gia ili kuokoa dizeli ni hesabu mbovu hata kwa mfuko, kwa sababu gari likisukumwa na mteremko huku mguu umeachia mafuta, pampu ya dizeli hukata mafuta, ilhali injini iliyo nje ya gia huendelea kuyanywa. Kenya imezika watu wengi kwenye miteremko ya Salgaa na ile ya Londiani, ambako tarehe 30 Juni 2023 trela lililoshindwa kudhibitiwa liliua zaidi ya watu 50 pembeni mwa barabara.

Mwenye gari kuukuu Banissa aliye na fedha za kazi moja tu mwaka huu azipangie hivi: hosi zote, mafuta mapya yenye muhuri, raba za silinda, sili za ekseli zinazovuja, na siku nzima ya kurekebisha shu na vali ya nyuma. Kama ni Land Rover ya mkondo mmoja, mikondo miwili itangulie vyote. Kisha ajaribu gari mahali pa wazi, tupu na lenye mzigo. Likisimama sawa mara 5 mfululizo bila pedali kubadilika, na si gari la lami mara kwa mara au la laga kila wiki, halina haja ya diski. Likishindwa baada ya yote hayo kufanywa, sasa aziagize.